Anayemlisha kuku, naye ale yai



Ukipita asubuhi katika vijiji vya Kabare na Walungu, au kule chini katika bonde la Ruzizi, au hata katika parseli nyingi za Bukavu na Uvira, utaona kwamba anayefungulia kuku ni mtoto. Yeye ndiye anayeondoa jiwe mlangoni mwa kibanda, anayejua ni kuku yupi alilala nje, ni yupi anataga kwa jirani, na ni yupi ameanza kulia kama anayetaka kuatamia. Baba mara nyingi hajui hata idadi ya kuku waliomo nyumbani. Lakini tukiulizwa mtoto huyo anafanya kazi gani, tunajibu: "Hakuna, anaangalia kuku tu."

Juma hili tunataka tusimame kidogo kwenye hilo neno "tu". Kuku ni mali ya kwanza ambayo watoto wetu wengi wanaishika kwa mikono yao wenyewe. Ng'ombe ni wa baba, shamba ni la ukoo, na pesa ya likelemba hufungwa katika kitenge cha mama. Kuku yuko karibu na mtoto. Anachojifunza hapo atakibeba hadi atakapokuwa na nyumba yake. Na kuna masomo mawili: lile analofundishwa na kuku, na lile tunalomfundisha sisi wazazi kwa namna tunavyogawa kazi, mayai na pesa. Somo la kwanza ni zuri karibu siku zote. La pili ndilo linalotutia wasiwasi.

Siku 21

Tuanze na hesabu. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21 hivi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kupewa kazi ya kuzihesabu. Kuku akikaa juu ya mayai yake, mwambie mtoto apige mstari wa mkaa ukutani kila jioni, au aweke alama katika kalenda ikiwa nyumba inayo. Hapo atajifunza kungoja. Siku ya 10 atataka kumwinua kuku aone kama kuna kitu. Utamwambia amwache. Siku ya 15 atauliza tena. Siku ya 21, akisikia sauti ndogo ndani ya ganda, atakuja mbio kuwaita watu wote wa nyumba, na hakuna mwalimu atakayehitaji kumweleza zaidi maana ya subira.

Ukiwa na tochi, hata ya simu, mfundishe pia kupima mayai. Siku ya 7, usiku, gizani, weka yai juu ya mwanga. Yai lenye kifaranga linaonyesha doa na mishipa midogo myekundu iliyotandaa kama mizizi. Yai lisilo na kitu linabaki jeupe lote ndani. Hilo litolewe, na yale mengine yarudishwe taratibu, bila kutikiswa. Mtoto aliyeona mishipa ile kwa macho yake ameelewa jambo ambalo kitabu cha shule hulieleza kwa maneno mengi.

Kisha tufanye hesabu pamoja naye. Tuseme kuku aliwekewa mayai 12. Mawili yalionekana matupu, yakatolewa: yakabaki 10. Moja likawa viza: wakatoka vifaranga 9. Mwewe akachukua wawili, mvua ikaua mmoja: wakabaki 6. Nusu ya mayai yote imepotea. Imepotelea wapi? Je, tungefanya nini? Hapo mtoto atagundua mwenyewe kwamba vifaranga hufa zaidi katika majuma ya kwanza, na kwamba kuwafunika chini ya kitunga chenye matundu wakati wa mchana, na kuwalaza mahali pakavu, kungeweza kuwaokoa wale watatu. Vifaranga watatu ni daftari na kalamu za muhula mzima. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za umma ni ya bure kwa sheria, lakini daftari, nguo ya shule na viatu havikuwa bure, na masomo ya sekondari bado yanalipwa. Mtoto anayejua hivyo hataona hesabu kuwa adhabu ya darasani.

Jicho linaloona

Somo lingine ni la kuangalia vizuri. Kuku hasemi. Hawezi kusema tumbo linamuuma. Mtoto anayewafungulia kila asubuhi hujifunza kusoma mwili wake: huyu amesimama pembeni, mabawa yameanguka; huyu hakukimbilia mahindi; mavi ya huyu ni ya kijani. Wamama, jicho hilo ndilo atakalolitumia kesho kuona kwamba mdogo wake ana homa, au kwamba mtoto wake mwenyewe ameanza kuvimba miguu.

Mtoto hujifunza pia kwamba chakula si kitu cha kutupa ovyo. Kuku hali kila kitu. Maganda ya muhogo mchungu yana sumu, yanapaswa kukaushwa vizuri juani kabla ya kupewa kuku. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa mtu wala kwa kuku. Chakula chenye chumvi nyingi humuua kuku, hasa akikosa maji. Na maji yenyewe yabadilishwe kila siku, kwa sababu kuku hunywa na kuchafua papo hapo. Kwa upande mwingine, mtoto mwerevu hujua chakula kisichonunuliwa: mchwa wanaochimbwa kichuguuni, kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua, majani ya lengalenga yaliyobaki, pumba za mahindi. Jivu la jikoni likichanganywa na udongo mkavu katika shimo dogo, kuku huoga humo, na chawa hupungua. Haya yote hayahitaji pesa. Yanahitaji mtu anayekumbuka.

Kifo bandani

Kuna somo ambalo hatupendi kulitaja. Mtoto hulea kuku, humpa jina, halafu asubuhi moja anakuta wanane wamekufa. Sote tunamjua muuaji huyo. Ni kideri, ambao waganga wa mifugo huuita Newcastle. Kuku husinzia, hupumua kwa shida, huharisha kijani, shingo ya mwingine hupinda, na katika siku chache banda zima linaweza kubaki tupu. Hauna dawa ukishaingia. Unazuiwa tu.

Siku hiyo mtoto hulia, na watu wazima wengine humcheka: "Unalilia kuku?" Tusimcheke. Mtoto wa huku kwetu ameona mambo mengi kupita umri wake. Familia nyingi zimekimbia vita zaidi ya mara moja, zikaacha nyuma mbuzi, mavuno na kuku. Mtoto aliyepoteza kuku wake anaomboleza kweli, na pengine anaomboleza na mambo mengine ambayo hajawahi kuyasema. Kaa naye. Mwambie ukweli: ni ugonjwa, si uchawi wa jirani, wala si kosa lake. Maneno hayo matatu yana kazi kubwa. Mara ngapi vifo vya kuku vimezaa shutuma, na shutuma zikazaa uadui kati ya nyumba mbili? Mtoto anayejifunza kutafuta sababu kabla ya kutafuta mtu wa kulaumiwa anatujengea kijiji chenye amani.

Kisha mwonyeshe la kufanya. Kuku waliokufa kwa ugonjwa hawaliwi, hawatupwi mtoni, hawauzwi haraka haraka sokoni ili tupate angalau kitu. Wanazikwa shimo refu au wanachomwa. Kuku mgonjwa anayepelekwa sokoni anapeleka kifo katika nyumba ya mama mwingine. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tunaongeza: kuku mgeni afungwe mbali na wengine kwa majuma mawili, tuone kama ni mzima.

Chanjo ipo. Chanjo inayoitwa I-2 ilitengenezwa kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwa sababu inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa nayo inapaswa kuwekwa mahali pa baridi na kutumika mapema. Ni tone moja katika jicho la kuku, na inarudiwa kila miezi 4. Hupewa kuku mzima, kwa sababu haimponyi aliyekwisha kuugua. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wale wa nyumba moja, na ndiyo sababu mama mmoja peke yake huona ni ghali. Hapo ndipo watoto wanaweza kutusaidia sisi wakubwa. Watume wale wa darasa la tano na la sita wapite nyumba kwa nyumba katika avenyu yao na daftari, waandike: nyumba hii kuku 5, nyumba hii 11, nyumba hii hakuna. Kikundi kikishapata jumla, kinajua kila mama achange kiasi gani, na kinamwita mganga wa mifugo siku moja kwa wote. Mtoto aliyeandika orodha ile amejifunza kwamba kuku wake hawezi kuwa mzima ikiwa wa jirani ni mgonjwa. Somo hilo watu wakubwa wengi hawajalimaliza.

Nani anafagia, nani anakula, nani anauza

Sasa tufike kwenye lile somo la pili, lile letu.

Angalieni nyumba ya kawaida. Msichana wa miaka 11 ndiye anayefagia banda, anayeleta maji, anayetafuta mchwa. Kaka yake wa miaka 13 ndiye anayetumwa kumpeleka jogoo sokoni na kurudi na pesa. Siku ya sikukuu kuku anachinjwa. Firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, mvulana anapata kipande, na msichana anapata mchuzi juu ya bugali. Mayai yanawekwa kwa ajili ya kuuza, au kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika.

Kwa baadhi ya makabila yetu, hapo zamani mwanamke na msichana walikatazwa kabisa kula kuku na mayai. Mahali pengine katazo hilo limekwisha mdomoni, lakini bado linakaa kwenye sahani. Hakuna anayemwambia msichana "usile". Ila yai halimfikii.

Na wakati huohuo tunaujua bwaki. Hakuna mama wa Kivu asiyejua mtoto mwenye miguu iliyovimba, nywele zilizogeuka rangi, na uso wa huzuni. Bwaki huweza kuingia hata katika nyumba ambayo kuku wanataga, kwa sababu mayai yote yanatoka nje kwenda kununua unga, na unga peke yake haujengi mwili. Hatusemi yai moja linaponya bwaki. Mtoto aliyefikia hapo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Tunachosema ni kwamba yai lililopikwa likaiva vizuri ni chakula cha mtoto kuanzia miezi 6, ni chakula cha mama mwenye mimba, ni chakula cha msichana anayekua. Halimfanyi msichana kuwa mlafi, halimfanyi mtoto kuwa mwizi, halimzuii mtoto kusema. Maneno hayo tuliyasikia kwa bibi zetu, na bibi zetu tunawaheshimu, lakini tumewaona watoto wanaokula mayai na tunajua wanavyokua.

Kwa hiyo tufikiri: msichana anayelisha kuku mwaka mzima na asionje yai, amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba kazi ni yake na matunda ni ya wengine. Hatalisahau. Akiolewa, hatashangaa akilima shamba zima na mavuno kuuzwa bila yeye kuulizwa. Atasema ndivyo dunia ilivyo. Na kaka yake amefundishwa kwamba kazi ya kufagia ina mtu wake, na pesa ina mtu wake. Hatuwezi kukaa katika mkutano wa kikundi tukilalamika kwamba waume hawatushirikishi katika mambo ya pesa, na huku nyumbani tunawafundisha wavulana wetu kwa kutumia kuku kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuna jambo lingine linalofanana na hilo. Mtoto anaambiwa: "Kuku huyu ni wako." Anafurahi, anamlea. Halafu siku moja anarudi kutoka shule, kuku hayupo. Ameuzwa. Pengine kulikuwa na sababu nzuri kabisa: dawa ya mdogo wake, deni, msiba. Shida ni kwamba hakuna aliyemwambia. Mtoto hakupoteza kuku tu, amepoteza neno la mzazi. Ikiwa lazima auzwe, mngojee arudi. Mweleze: "Mdogo wako anaumwa, hatuna pesa nyingine, tunaomba kuku wako. Akija kuangua yule mwingine, kifaranga wa kwanza ni wako." Mtoto wa miaka 8 anaelewa maneno hayo vizuri sana. Pengine atalia, lakini atajua ameisaidia nyumba yake. Hajanyang'anywa.

Kazi kwa kipimo cha umri

Wamama wengine watauliza: tumpe mtoto kazi gani, na tangu lini? Sisi tunaona hivi.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 aangalie tu pamoja na mkubwa, arushe mahindi kiganja kimoja, ajifunze kutomkimbiza kuku mwenye vifaranga. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Mtoto huyu asiingie bandani na asiguse mavi ya kuku.

Wa miaka 6 hadi 9 anaweza kubadilisha maji, kuokota mayai, na kuhesabu kuku jioni kabla ya kufunga.

Wa miaka 10 hadi 13 anaweza kufagia banda, kuandika katika daftari mayai, vifaranga, waliokufa na waliouzwa, na kumsimamia kuku anayeatamia.

Wa miaka 14 na zaidi anaweza kujifunza kumshika kuku siku ya chanjo, kwenda sokoni pamoja na mzazi, kujua bei, na kutoa hesabu mbele ya wote.

Katika kila umri, wavulana na wasichana wapokezane. Juma hili kaka anafagia na dada anaandika, juma lijalo wanabadilishana. Mvulana akikataa, asiandike wala asiende sokoni. Na tukumbuke kwamba msichana tayari ana bidoni la maji, kuni na mtoto mgongoni. Tusimwongezee kuku juu ya hayo yote na kusema tunamfundisha. Tumpunguzie kwanza.

Masomo yako mbele. Dakika 15 asubuhi na nusu saa jioni zinatosha kwa kuku wachache. Kuku asiwe sababu ya mtoto kuchelewa shuleni, wala kukaa barabarani akiuza mayai wakati wenzake wako darasani.

Na usafi. Kila anayetoka bandani anawe mikono kwa sabuni, au kwa jivu pale sabuni inapokosekana, kabla ya kushika chakula au kumshika mtoto mchanga. Kuku wasilale katika chumba wanacholala watu. Tunajua wengi wanawaingiza ndani kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo si ya bure. Basi angalau tuwatengenezee kizimba kilichofungwa, na tufagie kila asubuhi kabla mtoto anayetambaa hajashuka chini. Mtoto huyo hutia kila kitu mdomoni, na mavi ya kuku humletea kuhara.

Tunachopendekeza kwa vikundi

Katika mkutano wenu wa juma hili, kabla ya kuanza kuchanga pesa za MUSO, chukueni muda mfupi kwa maswali matatu. Kila mama ajibu juu ya nyumba yake mwenyewe, bila kuhukumiana. La kwanza: nani anaangalia kuku nyumbani kwako? La pili: mara ya mwisho kuku au mayai yalipouzwa, nani aliamua, na mtoto anayewaangalia aliambiwa? La tatu: juma lililopita, ni nani katika nyumba yako aliyekula yai?

Kisha mkubaliane jambo dogo linalowezekana. Kwa mfano: kila kuku anapotaga, mayai mawili kwa juma yabaki nyumbani, na la kwanza apewe yule anayewafungulia kuku asubuhi, akiwa msichana au mvulana. Mayai mawili hayataleta njaa katika nyumba yoyote. Lakini mtoto atakayeketi na yai lake mkononi, akiwa anajua kwa nini amepewa, ameelewa kwamba anayefanya kazi ana haki ya kula.

Na wewe uliyefika kwetu bila kuku, kwa sababu umekimbia au umepoteza kila kitu: mtetea mmoja unatosha kuanza. Kikundi kimwazime dada huyo kuku mmoja, arudishe vifaranga wawili wakikua. Siku mtetea atakapofika, aliye na mtoto amwite na kumpa kipande cha mkaa, ili ukuta uwe tayari kwa hesabu ya siku 21.

Tunawasalimu nyote, pamoja na wale wadogo wanaofungua banda kabla sisi hatujaamka.